Vifungo vya Somoe

Baba Somoe, pokea salamu zetu za hapa Chuno.

Mwanao sasa hivi kaipiga kompyuta ya dukani kwa viganja vyote viwili. Si nilikwambia dada Witness ananifundisha kupamba albamu za picha? Sasa najua skripti: unaandika maagizo mara moja, ukibonyeza, kompyuta yenyewe inachora vifungo, riboni, maua. Basi Somoe kavuruga namba za maagizo yangu, vifungo arobaini vyote vikatoka vimepinda kama korosho. Nikataka kufuta. Witness akasema, "Mama Somoe, wewe, viache. Mtwara hii nani atazikataa korosho?" Na kweli, bibi harusi mmoja wa Likombe aliyekuwa dukani kavichagua papo hapo kwa albamu yake.

Albamu ya Somoe nayo nimeianza. Ukurasa wako tu ndio mtupu. Huu mwaka wa pili tangu uvuke mpaka kutafuta kazi, na jana Somoe kamwita mdogo wako "baba". Sikumrekebisha. Usitume picha, njoo mwenyewe.

Mjomba Ramadhani ananiita, gari la Kilambo, kule mpakani, linaondoka naye na barua hii. Neno moja tu, mume wangu, mimi bado...