Kadi Yangu ya Dhahabu, Tiketi ya Chini ya Mama

Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro jioni. Mwandiga.

Mvua ilinyesha asubuhi ikakata. Sasa joto limerudi na udongo unanuka. Nimekaa barazani na begi ambalo halijafunguliwa. Muda huu lilitakiwa liwe Dar. Na mimi nilitakiwa niwe nalo.

Nina hasira, na mchana kutwa nimetafuta wa kumkasirikia. Shirika la ndege lipo. Watu wa vibali wapo. Lakini kila nikijumlisha na kutoa, jibu linarudi kwangu.

Mnaonisoma humu mnajua nilivyojisifia ile kadi ya dhahabu. Sikupewa na mtu. Nilianza na ndoo moja ya dagaa pale Katonga, nikafika gunia moja, nikafika magunia ya kusafirisha, na kwa miaka miwili nimepanda ndege ya Kigoma–Dar mpaka wahudumu wananijua kwa viatu. Kadi inanipa kilo ishirini za ziada, kiti cha mbele, na kupanda kabla ya wengine. Utamu wake ni kwamba inafanya kazi hata nikinunua tiketi ya bei ya chini kabisa, ile isiyobadilishwa, isiyorudishwa hela, isiyo na mzigo. Mwenzangu akinunua ile anabanwa kila upande. Mimi nikinunua ileile, kadi inanifungulia.

Nilijiona nimewapatia.

Sasa habari ya Mama. Mama alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa hapa, akapata uraia hapa, akatuzaa hapa. Mdogo wake, Mama Mdogo Konsolata, alivuka miaka mingi baadaye na wajukuu watatu, akapelekwa kambini, kule upande wa Kasulu. Kumwona lazima kibali. Na yeye kutoka bila ruhusa ni kosa. Dada na mdogo wake, mwendo wa nusu siku kati yao, na kwa miaka yote hiyo Mama ameingia kule mara nne tu.

Mwezi huu Mama Mdogo amepata nchi, kama wanavyosema wenyewe kambini. Anapelekwa mbali, kwenye baridi, na wajukuu wake. Harudi. Jumanne basi liliwachukua moja kwa moja hadi Dar. Alhamisi kibali cha Mama kikatoka. Kibali cha kuingia kumwona mtu ambaye hayupo! Mama alikikunja, akakiweka ndani ya Biblia.

Huko Dar wamewekwa hosteli. Wageni wanaruhusiwa kesho Jumapili tu, saa nane mchana hadi saa kumi. Usiku wanaruka.

Mgongo wa Mama hauwezi basi la kutwa na kucha. Treni isingefika kwa wakati. Ilibaki ndege, na ndege ni eneo langu.

Hapa ndipo ninapoungama.

Kompyuta ya ndege ina tabia moja ambayo sisi wafanyabiashara tunaijua. Ukiomba viti viwili kwa pamoja, na cha bei ya chini kimebaki kimoja, haikupi kimoja cha chini na kimoja cha juu. Inakuuzia vyote viwili kwa bei ya juu. Ndiyo maana tunanunua kimoja kimoja. Jumatano nilikuta kimebaki kimoja cha laki moja na tisini na nane elfu. Kinachofuata, laki mbili na sitini na sita. Nikatenganisha. Nikaokoa elfu sitini na nane kwa vidole viwili, nikajipongeza, nikajichemshia chai.

Kile cha chini nilimpa Mama.

Cha juu nilichukua mimi, kwa sababu tiketi ya chini haina pointi, na mimi nazihitaji pointi kabla ya mwaka kuisha la sivyo kadi inarudi kuwa ya fedha. Nilimwambia Mama tiketi zetu ni zilezile.

Sikufikiria jambo moja dogo. Kadi inamlinda mwenye nayo na wale walioandikwa pamoja naye chini ya namba moja ya safari. Nilipotenganisha tiketi, nilitenganisha namba. Mama akawa abiria wa peke yake, wa bei ya chini, asiye na kadi, ambaye kwenye mfumo hana mtoto.

Leo saa tano tuko uwanja wa ndege. Mama amevaa kitenge cha Pasaka na viatu vinavyombana. Hajawahi kupanda ndege maishani. Kwenye kaunta tukaambiwa ndege kubwa imepata hitilafu, inakuja ndogo ya panga boi. Watu wawili hawatapata viti hadi Jumatatu.

Dada wa kaunta akasoma kadi yangu, akatabasamu. "Wewe upo, dada, safu ya pili. Bibi ndiye hayupo."

"Tuko pamoja," nikasema.

"Kwenye mfumo hampo pamoja. Mngekuwa chini ya namba moja ya safari, asingeguswa."

Mama akaniuliza kwa Kirundi huyu msichana anasema nini. Nikamjibu ni mambo ya kompyuta.

Ni mambo ya kompyuta! Nimeiandika hapa ili niione.

Nikauliza kama naweza kuongeza hela. Hakuna kiti cha kuongezea hela. Nikauliza kama naweza kubadilisha jina, kiti changu kiwe cha Mama. Jina halibadiliki. Nikamwita msimamizi, kijana mpole mwenye tai, nikamwambia basi mimi nashuka, mpandishe yeye.

"Ukishuka, dada, kiti kinakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha," akasema. "Bibi ni wa pili."

Hebu tazama nilipokuwa. Nina kiti nisichoweza kumpa mtu. Nikikikalia, Mama anabaki. Nikikiacha, Mama anabaki vilevile na mimi nabaki naye. Na hesabu iliyotufikisha pale ni yangu, nimeipiga kwa mkono wangu, na haina kosa hata senti.

Tena kuna baya zaidi, nililiona nikiwa nimesimama palepale kaunta. Ningegeuza tu! Mimi nichukue ya chini, Mama achukue ya juu. Kadi ya dhahabu ingenilinda hata kwenye tiketi ya chini, ndiyo kazi yake. Mama asiye na kadi, bei ya juu ndiyo ingekuwa kadi yake. Wote wawili tungepanda, na zile elfu sitini na nane ningebaki nazo. Ila ningekosa pointi.

Kwa hiyo siyo umaskini uliomshusha Mama. Ni pointi.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mzee Sudi. Huyu ni mshindani wangu pale Katonga, muuza dagaa wa zamani, ana kadi ya fedha, na alinunua tiketi ya chini kama ya Mama. Kadi ya fedha haina nguvu kwenye tiketi ile, ila ilimtosha kuwa mbele ya mtu asiye na kadi kabisa. Alikuwa amekaa kwenye benchi la dirishani, anakula karanga. Hatujazungumza vizuri tangu tulipogombea sehemu ya kuanikia.

Nikamwendea.

"Shikamoo, Mzee Sudi."

"Marahaba. Hiyo shikamoo naidai tangu mwaka juzi." Akaniangalia juu mpaka chini. "Mama Dhahabu leo umetukumbuka watu wa chini?"

Nikamweleza. Mama Mdogo, hosteli, saa nane hadi saa kumi. Sikuweka chumvi. Nikamwambia mimi nashuka, naye akikubali kuahirisha hadi Jumatatu, Mama anapata kiti changu.

Akatafuna. Akamtazama Mama kule alipokaa, mikono juu ya mapaja, mgongo hauegemei.

"Yule ndiye aliyekuzaa?"

"Ndiye."

"Na ndiye uliyemkatia tiketi kama yangu?" Akacheka mpaka ganda la karanga likamtoka. "Mimi nilifikiri zile tunanunua sisi tunaosafiri na dagaa!"

Kama ni siku nyingine ningemjibu, na jibu ningekuwa nalo.

"Dar nina mnunuzi," akasema. "Hana subira. Nikichelewa siku mbili ananunua kwa mwingine, labda kwako. Sasa utanipa nini?"

"Sema."

"Vichanja vyako viwili vya mbele. Giza linalokuja."

Kwa asiyejua ziwa letu: dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo hela ya mwezi mzima inatoka kwenye zile siku za giza, na anayeanika mbele, ambapo jua linafika mapema na mchanga haupeperuki, ndiye anayeuza dagaa weupe. Vile vichanja viwili ndivyo tulivyogombania.

"Nusu giza," nikasema.

"Zima."

"Kimoja, giza zima."

"Binti yangu, sikiliza." Akainua kidole. Panga boi lilikuwa linazunguka juu ya ziwa, likitafuta njia. "Ile inatua."

"Chukua vyote."

Akasimama, akapangusa karanga kwenye kanzu, akaenda kusaini karatasi ya msimamizi bila haraka, kama mtu anayesaini mahari ya bintiye. Na mimi nikasaini ya kwangu. Msimamizi akanisomea masharti kwa sauti ya upole: nimeshuka kwa hiari, nauli hairudi, na tiketi ya kurudi nayo imefutwa, maana mguu wa kwanza ukiukosa wa pili unakufa. Kuhusu kadi, akasema inabaki ya dhahabu mpaka mwisho wa mwaka. Nikamshukuru! Sijui kwa nini nilimshukuru.

Ikabaki kumwambia Mama. Nikamwambia atatangulia, Festo, kaka yangu, atampokea Dar na kesho atampeleka hosteli. Akauliza, "Na wewe?" Nikasema nitakuja baadaye. Uongo wa pili kwa siku moja. Akaniangalia vile anavyoangalia mchele wa dukani kabla hajanunua, anausugua kwa kiganja atafute mawe.

"Kuku hawajala," akasema.

Akaenda. Kwenye ukaguzi walimvua viatu, na nikamwona anafurahi kuvivua. Hakugeuka.

Nimebaki nimesimama nje ya waya mpaka ndege ikawa kama nzi juu ya milima ya Kongo, ikageuka kuelekea mashariki, ikapotea. Mzee Sudi alikuwa pembeni yangu. Hakunitania. Akasema tu, "Mpigie kaka yako asichelewe," kisha akaondoka.

Nimefika nyumbani, nimelisha kuku. Nimejaribu kuwa na hasira na wale waliotoa kibali siku mbili baada ya basi, na hasira hiyo ni ya haki, nitaendelea kuwa nayo. Lakini hata kibali kingetoka kwa wakati, bado mimi ndiye ningekuwa mtu wa kumpa mama yake cha chini na kumwambia ni vilevile.

Saa kumi na moja na robo Festo akapiga, akampa Mama simu. Nyuma yake nilisikia watoto wa Festo wakigombana.

"Nimefika," akasema Mama. "Ile kitu inapiga kelele. Walinipa mkate na juisi. Juisi nimekunywa, mkate nimemwekea murumuna wanje, kesho ataula." Mdogo wake, anayeondoka. Mkate wa ndege, kwenye pochi, kwa ajili ya mtu anayekwenda kupanda ndege kubwa zaidi.

"Kesho ataniuliza wewe uko wapi," akaendelea. "Nimwambie nini?"

Jibu lilikuwepo, tena la kweli: ndege ilijaa. Maneno mawili na mazungumzo yanakwisha.

Nikamwambia yote. Elfu sitini na nane. Namba mbili badala ya moja. Kwamba tiketi hazikuwa zilezile. Kwamba nilichukua ile ya juu kwa ajili ya pointi.

"Pointi ni nini?"

"Ni alama, Mama. Wanakuhesabia kila ukipanda ndege."

"Unazila?"

"Hapana."

"Unazipanda shambani?"

"Hapana, Mama."

Nilisikia akihema, kisha akimwambia mmoja wa watoto wa Festo anyamaze. Nilingoja anitukane, ningepumua.

"Hilo sitamwambia," akasema. "Nitamwambia ulinipa kiti chako."

Akamrudishia Festo simu.

Tangu hapo nimekaa hapa. Sijui kama amenisamehe, au ameona aibu mdogo wake aondoke akijua mimi ni mtu wa namna gani. Nitamuuliza Jumanne akirudi. Au nitaogopa?