Sampuli Zangu Zimekwenda na Wageni

Jumanne, katikati ya Juni. Upepo wa Tunduma unaleta vumbi la malori na baridi kwa pamoja, nami ninaandika kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Mchana nilisikiliza redioni mjadala wa bajeti kuhusu mageuzi ya vyuo vikuu. Nilikuwa nimevaa shati langu la usaili, kana kwamba ningeitwa kuchangia hoja. Mbunge mmoja alitaka fedha za utafiti zihamishiwe kwenye mafunzo ya ufundi, kwa kuwa tafiti zetu huishia makabatini. Wenzake wakagonga meza. Aliyesimama kutetea maabara aliishiwa muda kabla hajafika kwenye hoja yake.

Nilimjibu mbunge yule kwa sauti, peke yangu chumbani, kwa ufasaha mkubwa.

Utafiti wangu haukuishia kabatini. Ulikuwa chini ya kitanda: vifuko kumi na viwili vya chumvi nilivyovikusanya kijijini Ivuna mwaka jana, kila kimoja na namba yake, vikisubiri chuo kipate kemikali za kupimia madini joto. Kila nikipiga simu, msimamizi wangu hunijibu kwa upole kwamba tusubiri bajeti.

Nilipozima redio niliinama kuvitazama. Kilikuwapo kimoja tu.

Nilimkuta mama jikoni. Wiki iliyopita, nilipokuwa Mbeya, walikuja ndugu zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na chumvi ya Ivuna ndiyo wanayoililia.

"Nimewafungia," alisema, akiendelea kukoroga maharage. "Shangazi yako kafurahi huyo! Kasema msomi wetu hajasahau watu."

"Mama, vile vilikuwa na namba."

"Nikajua umevihesabu visiibwe. Sasa baba, chumvi mwaka mzima chini ya kitanda, ulikuwa unaiatamia?"

Nilirudi chumbani.

Naungama hapa: mimi niliyejiandaa kulielimisha Bunge, sikuwahi kumweleza mama yangu kilichomo katika vifuko vile. Siku nilipovileta nilimwambia tu, "Ni mambo ya chuo," kwa sauti ya mtu asiyependa kuulizwa zaidi.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni Mama Sikujua, mchemsha chumvi wa Ivuna. Alinijazia vifuko vyote kwa mikono yake, na siku hiyo hakuuza kitu. Alitaka kujua kama chumvi yake inawafaa wajukuu zake. "Majibu utaniletea," aliniambia, "au na wewe ni kama wale waliopita?" Nilicheka. Nikamwahidi.

Kifuko kilichobaki ni namba saba. Hakiwezi kuthibitisha chochote peke yake, na bajeti yenyewe sioni kama itakuja kwa ajili yetu.

Asubuhi nitapanda gari la Ivuna, nikamweleze uso kwa uso. Nimwambie bado tunasubiri, au nimwambie kwamba mbunge yule wa makabati, kwa upande wangu, hakukosea?