Maziwa ya Masunga hayachemshwi

Eveline, uko hapo? Mwenzio nimetoka kufokewa mlangoni kwangu kama mtoto.

Ni Masunga, yule jirani mfugaji anayeniuzia maziwa ya mjukuu. Unajua sharti lake, maziwa yake yasiguse moto, eti ng'ombe atakauka chuchu.

Lakini mtoto anaharisha, na daktari kasema maziwa mabichi yana vijidudu. Nikachemsha. Yakafurika motoni, harufu ikamfikia kwao.

Akaja na mkewe Ester. "Mama Levina, unaniulia ng'ombe."

Mimi, Eveline. Namuulia ng'ombe. Nikamwonyesha mtoto alivyolegea, akasema, "Kesho usilete chombo chako kwangu."

Ester kimya, kainamisha kichwa. Nikabaki namwomba Mungu anizuie mdomo.

Masunga alipokwenda machungani, Ester karudi. Kaficha kikombe cha maziwa ya moto ndani ya kanga. "Mpe mtoto. Hata wanangu nawachemshia, baba yao akishaondoka."

Nikamuuliza, sasa mbona ulinyamaza nikifokewa?

Akasema, "Mama, wewe akikufokea anaondoka. Mimi naondoka naye."