Kuhusu Betri Iliyopasuka Kwenye Kipaimara, Kikatiti

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Jumanne, 26 Novemba 2024, saa 4:20 asubuhi
Jina: Eliasi Sifaeli Nnko. Umri: miaka 63. Kazi: dereva mstaafu, sasa mkulima wa kahawa na ndizi. Dini: Mlutheri. Makazi: Kikatiti, Meru.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Jumapili niliandikisha maelezo hapa, na kwa maelezo hayo mkamweka ndani Efraimu, fundi wa jenereta. Kuna jambo niliruka. Siku mbili nimelala kwenye benchi la hospitali na nimechoka kulibeba.

Mnamo tarehe 24 Novemba 2024 nyumbani kwangu kulikuwa na sherehe ya kipaimara ya mjukuu wangu, Princess. Umeme ulikatika tangu asubuhi, tukamkodi Efraimu na jenereta yake kwa ajili ya spika. Saa 6:00 mchana nilitakiwa kumfuata mchungaji kanisani, pikapu ikagoma. Nilikuwa nimeacha taa zinawaka, betri imekufa kabisa. Wageni wakacheka, "Dereva mzima!" Utani huo sikuupenda, na hata leo siupendi.

Gari lingine la kunibusti, niwashe kwa betri yake, halikuwepo. Efraimu akasema jenereta ina tundu la volti kumi na mbili, la kuchajia betri. Akachomeka waya, akabana nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi. Akaniambia, "Mzee, hii inachaji polepole, siyo ya kubusti. Tuipe muda, halafu nazima jenereta, natoa waya, ndipo uwashe. Ukiwasha waya zikiwa bado kwenye betri zitapiga cheche, na betri ikichajiwa inatoa gesi." Nilimsikia vizuri. Masikio yangu hayana tatizo.

Saa 6:50 mchungaji alipiga simu mara ya pili. Efraimu alikuwa kwenye spika. Kibanio chekundu kilikuwa kimelegea, nikamwambia mke wangu, Eunike, akishikilie.

Akasema, "Baba Prisca, si kijana amesema tusubiri?"

Nikamjibu, "Nimeendesha magari miaka thelathini na moja. Nifundishwe betri na mpiga muziki?"

Nikazungusha ufunguo. Ilitoka cheche, betri ikapasuka, tindikali ikamwingia Eunike machoni. Efraimu alikuja mbio na ndoo ya maji, akamwosha bila kuacha. Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye usukani.

Watu walipouliza nani alifunga waya, nilimnyooshea Efraimu kidole. Ni kweli alifunga yeye. Nikaishia hapo, hata mbele yenu.

Jana daktari alisema jicho la kulia halitaona tena. Ndugu walipomuuliza Eunike nani aliwasha gari, aliwajibu kuwa hakuona. Alikuwa ananitazama usoni wakati nawasha. Tuna miaka thelathini na tisa ya ndoa, na sijawahi kumsikia akidanganya. Niliona aibu hata kumshika mkono.

Efraimu hana kosa, mwachieni. Hayo ndiyo niliyokuja kusema. Nimesomewa, nami nakiri ni sahihi.

Sahihi: E. S. Nnko

Ofisa aliyeandika: Nimeandika kama alivyotamka na kumsomea. Nimemjulisha kuwa kuanzia sasa si shahidi tena, na atabaki kituoni kutoa maelezo ya onyo kama mtuhumiwa. Hakupinga. Ameomba binti yake, Prisca, apigiwe simu, kwani mkewe hutiwa dawa ya macho saa 8:00 mchana, na siku hizi mbili aliyekuwa akimtilia ni mzee mwenyewe. Nimepiga.
Koplo Agnela