Goti la Mama Lafika Port Reitz

Mama, shikamoo nyingi kutoka Port Reitz.

Jirani wa mjomba ni bibi wa Kizungu. Juzi kaniuliza, "How're you?" Nikasimama nimjibu kama ulivyonilea: habari za nyumbani, mvua, mpaka goti lako. Akatabasamu, akenda zake nami bado nasema! Nilikereka, wallahi. Mjomba akacheka: "Kwao hiyo ni salamu ya kupita tu. Sema 'fine', basi." Tangu hapo namjibu neno hilo moja, wala halinitoshi.

Leo asubuhi kanisimamisha langoni, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Goti ya mama, vipi?"

Kumbe alisikia. Niandikie upesi, Mama. Twangoja jibu wawili.

Mwanao akupendaye,
Zuhura