Doa la Upande wa Kushoto

4 Machi

Kwa binti yangu mpenzi,

Hujambo huko kwenye darubini? Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi kile kile.

Picha ya galaksi uliyonitumia nimeibandika juu ya cherehani. Mteja mmoja akasema, "Mama fundi, haya si maji yanayozama kwenye tundu la sinki?" Nikamwambia, "Baki na sinki lako. Hiyo ni galaksi, mji wa nyota, ina mikono, na hayo madoa ya waridi ni mahali nyota zinapozaliwa. Binti yangu anayasoma kama wewe unavyosoma bei." Akanywea.

Sasa, daktari amenipiga picha ya kifua, kaona doa. Anataka nirudi akate kinyama kidogo, kikapimwe. Nimemwambia asubiri, ninaye msomaji wangu. Picha hii hapa ndani ya bahasha. Doa liko kushoto, linang'aa. Kwako kinachong'aa ni kitu chema, basi huenda hata langu si baya. Nisomee, mwanangu. Sijamwambia mtu.

Mama yako


29 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Bahasha yako imenifikia leo. Nimeshuka kutoka mlimani kwenye darubini kukupigia, simu yako imezimwa.

Mama, picha hii sijui kuisoma. Za kwangu, nuru yake iliondoka kwenye nyota kabla mtu yeyote hajakuwepo duniani. Nikikosea, galaksi haiumii, nasahihisha mwakani. Yako ni ya juzi tu na tayari imepitwa. Doa hilo leo likoje, sijui. Nairudisha. Mpelekee daktari siku hiyo hiyo itakapokufikia, usishone hata kifungo kwanza. Naogopa. Nimeomba ruhusa nije.

Binti yako


11 Aprili

Marahaba, mwanangu,

Nakuandikia kwenye benchi la hospitali, nimevaa gauni lao la kufungia mgongoni. Mshono ovyo kabisa. Simu niliizima mwenyewe; niliogopa usije ukanijibu upesi.

Daktari kaniuliza, "Msomaji wako kasemaje?"

"Kasema hajui." Aibu ikanishika, nikaongeza, "Na yeye akisema hajui, jua jambo ni zito."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Wamepiga picha nyingine, doa limetanuka. Muuguzi ananiita, barua nampa yeye aitie posta. Ikikukuta hujaondoka, usiseme Mama yuko hivi. Huyu ni wa leo, wa kwenye benchi. Wa siku utakayosoma simjui. Njoo umwone mwenyewe.

Mama yako