Mbuzi wa Ndeti Niliowarudisha

S.L.P. 14,
Kanyangi, Kitui.
9 Agosti 1978

Mpendwa kaka Kisilu,

Pokea salamu zangu za heshima huko Kitwe. Natumaini wewe, shemeji Syokau na watoto mna afya njema. Sisi tu wazima. Mtama umekauka, lakini mbaazi zimetupa kidogo.

Naomba kukuarifu kwamba Ndeti, aliyekuwa msimamizi wangu karakanani, alileta mbuzi wa posa hapa Jumamosi. Mwanawe Muli anamtaka binti yako Kalunde. Mimi, niliyeachiwa boma nikiwa mdogo wako, niliwarudisha.

Hukupata kuelezwa vyema jinsi jicho langu lilivyopotea. Tulikuwa tukichonga chuma kigumu kwa kisu cha meno kinachozunguka kwa kasi kubwa. Ndani ya chuma tulitoboa tundu, tukapitisha nyaya mbili za kupima joto hadi karibu na mahali kisu kinapokata. Joto likizidi, mshale wa mita hupanda, nami hupunguza mwendo. Ndeti alichoka na kupunguza huko. Alizikata nyaya, akaongeza kasi. Kisu kilipasuka, kipande kikanipiga jichoni. Kisha akamwambia meneja kwamba mimi ndiye niliyesahau kuziunganisha, nikafukuzwa nikiwa bado na bendeji.

Basi Jumamosi, mbele ya wageni wote, nilimwuliza Ndeti, "Mshale ulisimama wapi kabla hujazikata nyaya?"

Nduguye Mutiso alicheka, akasema, "Bwana mkubwa, mbuzi hawapimwi joto. Wapokee tu."

Ndeti alitazama chini. "Ya kazini tuyaache kazini," akasema.

Nikafungua lango, mbuzi wakatoka. Sikuona huruma yoyote, na kusema kweli nililala vizuri.

Kalunde hajanisemesha tangu siku hiyo, isipokuwa neno moja: "Baba mdogo, si Muli aliyekata nyaya." Na hilo ni kweli.

Kwa hiyo naomba uamuzi wako, kwa kuwa wewe ndiwe baba yake. Ombi langu ni kwamba usikubali hadi Ndeti atamke alichotenda, mbele ya watu wale wale. Lakini ukiagiza mbuzi wapokewe, nitawafungulia lango mimi mwenyewe. Ndeti nitamketisha upande wa jicho langu zima, ili nimwone vizuri, na swali lile nitamwuliza tena, hata siku ya harusi, mchungaji akisikia.

Mama anakusalimu, vilevile dada Ndinda. Bwana awalinde katika nchi hiyo ya mbali.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupungua,
Kivuva